Blackpool: mji wa starehe uliojengwa kwa mshahara wa wafumaji

Swali: Mwanangu mkubwa anasoma Preston, kaskazini mwa England. Mwisho wa Agosti nitakwenda kumwona, pamoja na mama yangu mwenye miaka 71 na wanangu wawili wadogo. Anasema atatupeleka Blackpool. Nimetafuta habari za mji huo nikachanganyikiwa. Huku naona mnara, mataa na sarakasi, kule nasoma kwamba ni mji fukara kuliko karibu yote England. Na bahari yenyewe ni ya baridi. Watu walifuata nini pale? Na je, ni mahali pa kumpeleka mama? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Dada yangu, yote uliyosoma ni kweli, na mataa na ufukara ule vimetoka katika nyumba zilezile. Nitakueleza zilivyojengwa na zilivyogeuka, kisha tuje kwenye safari yako na mama.

Nianze na bahari, kwa sababu swali lako linaanzia hapo na wewe ni mtu wa Tanga. Maji ya Blackpool mwezi Agosti huwa na joto la nyuzi 16 au 17 tu. Upepo unavuma kutoka magharibi, juu ya Bahari ya Ireland, karibu kila siku. Rangi ya maji ni ya udongo, maana ufuo ule ni bapa na mchanga wake unachafuka kila mawimbi yakija. Siku za bamvu maji hupanda na kushuka kwa mita 8 hivi, kama mara mbili ya tunavyoona pwani yetu. Yakipwa, unaona mchanga mpaka macho yachoke. Yakijaa, yanafika kwenye ukuta wa mji na ufuo unatoweka kabisa. Kwa hiyo anayekwambia kwamba watu walifuata maji ya kuogelea hajakwambia yote.

Mwanzo walifuata dawa. Katika karne ya 18 madaktari wa England waliwaambia matajiri kwamba maji ya bahari, ya kuoga na hata ya kunywa, yanatibu maradhi mengi. Scarborough ulikuwa mbele katika jambo hilo, Brighton ukapata umaarufu kupitia watoto wa mfalme, na Mfalme George III mwenyewe akawa anakwenda Weymouth. Blackpool wakati huo ulikuwa nyumba chache zilizotawanyika juu ya ukingo wa pwani ya Lancashire, jimbo la kaskazini magharibi mwa England. Sensa ya 1801 haikupata hata watu 500. Sensa ya 1901 ilipata zaidi ya 47,000. Kilichotokea katikati ya sensa hizo mbili ndicho kiini cha jibu langu, na hakikuanzia pwani. Kilianzia bara, kwenye viwanda vya pamba.

Oldham, Bolton, Blackburn, Burnley, Rochdale na Preston hiyo anayosoma mwanao ilikuwa miji ya kusokota na kufuma pamba. Pamba ilitoka kusini mwa Marekani, Misri na India, na tangu mwanzo wa karne ya 20 ikatoka Uganda pia. Nguo zilizotoka huko ziliuzwa dunia nzima, mpaka madukani kwenye pwani yetu. Miji hiyo ilikuwa na desturi yake ya zamani. Kila mmoja ulikuwa na sikukuu yake ya mwaka, yenye asili ya kanisa la mahali hapo. Viwanda vilipokuja, wenye mali walijaribu kuifuta sikukuu hiyo wakashindwa, kwa kuwa wafanyakazi hawakuja kazini siku hizo hata wakitishwa. Mwishowe walikubaliana nao. Kiwanda kinafungwa, mitambo inakaguliwa, na mji mzima unapumzika kwa pamoja, kwanza siku chache na baadaye wiki nzima.

Jambo la maana ni kwamba miji haikupumzika wakati mmoja. Huu wiki hii, ule wiki ijayo, kuanzia Juni mpaka Septemba. Mwenye nyumba ya wageni Blackpool hakuwa na kishindo cha siku chache kisha ukimya. Alipata Bolton wakiondoka asubuhi na mji mwingine ukiingia jioni, mfululizo kwa miezi mitatu. Reli ilifika mwaka 1846, na safari iliyokuwa ya siku nzima kwa gari la farasi ikawa ya saa chache kwa nauli ya bei nafuu. Ongeza na hili: katika kazi ya kufuma wanawake walilipwa, na vijana wao pia. Nyumba moja ilikuwa na mishahara miwili au mitatu, midogo lakini ya uhakika. Sehemu nyingi za England wakati huo familia ya mfanyakazi haikubaki na senti ya kwenda kulala ugenini. Familia ya mfumaji wa Lancashire ilibaki nayo.

Hata hivyo wiki hiyo haikuwa na malipo. Sheria ya kwanza ya likizo yenye malipo kwa wafanyakazi wengi wa Uingereza ilipitishwa mwaka 1938. Kabla ya hapo walijiwekea akiba wenyewe katika vyama vya kiwandani, kanisani au mtaani, kidogo kidogo kila wiki kwa mwaka mzima, na kugawana usiku wa kuamkia safari. Wewe unavijua vikoba, kwa hiyo sihitaji kukueleza zaidi jinsi watu wenye kipato kidogo wanavyoweza kusimamisha jambo kubwa. Fedha iliyojenga Blackpool ni hiyo. Ninalisisitiza kwa sababu mji huu umedharauliwa sana na watu wa vyuo na wa magazeti ya London kama mji wa makelele na pipi. Mimi nauona kuwa moja ya kazi kubwa za watu wa kawaida wa England. Hakuna mfalme aliyeujenga, na karibu kila jengo lake la zamani lilisimama kwa sababu watu waliotoka kiwandani walikubali kulipia mlangoni.

Waliokaa pale walilala kwenye nyumba za wageni, na kila nyumba ilikuwa na mama mwenye nyumba aliyeongoza kila kitu. Utaratibu wa zamani ulikuwa kwamba mgeni analipia chumba, ananunua nyama na mayai yake mwenyewe sokoni, na mama mwenye nyumba anampikia. Fikiria jiko moja lenye sufuria za familia sita, kila moja na chakula chake! Watu walirudi kwa mama yuleyule mwaka baada ya mwaka, na kwa vile mtaa mzima ulisafiri wiki moja, jirani wa Burnley walikuwa jirani tena Blackpool. Nyumba hizo zilijengwa kwa mistari mirefu nyuma ya barabara ya pwani, ghorofa tatu au nne, na vyumba vingi vidogo vidogo. Shika picha ya vyumba hivyo, tutarudi kwake.

Mbele ya nyumba hizo, mji ukajenga vitu vya kuona. Kuna magati matatu yanayoingia baharini, ambayo hayakujengwa kwa ajili ya kushusha mizigo. Yalijengwa ili watu watembee juu ya maji bila kulowa. La kaskazini ni la 1863, kazi ya mhandisi Eugenius Birch, na liliwekewa kiingilio ili kuchuja umati. La kati lilifunguliwa 1868, na hapo ndipo wafanyakazi walipocheza dansi hadharani na kupanda meli za matembezi kwa bei ndogo. La kusini ni la 1893. Mpaka leo ukitembea kutoka kaskazini kwenda kusini utaona utulivu ukipungua na vibanda vya michezo vikiongezeka. Mgawanyo huo wa nani akae wapi ni wa karne moja na nusu sasa.

Mwaka 1879 halmashauri ilipata kwa sheria ya Bunge ruhusa ya kutumia sehemu ya kodi ya mji kuutangaza mji wenyewe, jambo ambalo miji mingine ya Uingereza haikuwa nalo. Mwaka huohuo waliwasha taa 8 kubwa za umeme barabara ya pwani, wakati ambapo sehemu kubwa ya dunia haijawahi kuona taa ya umeme, na maelfu wakaja kuzitazama tu. Mwaka 1885 wakafungua tramu ya umeme, moja ya za kwanza kabisa duniani kutembea barabarani. Miji mingine ya Uingereza iling'oa reli za tramu zake baadaye, na Glasgow ulipofunga za kwake mwaka 1962, Blackpool ulibaki karibu peke yake. Njia hiyo bado inakwenda kaskazini mpaka mji wa Fleetwood, sasa kwa tramu mpya zilizoanza 2012, na tangu 2024 inafika pia kwenye kituo kikuu cha treni.

Mnara wenyewe ulianza kwa meya, John Bickerstaffe, aliyeuona ule wa Eiffel mjini Paris mwaka 1889 akarudi na wazo. Ulifunguliwa Mei 1894, wenye urefu wa mita 158. Kuingia ilikuwa peni 6, kupanda juu peni 6 nyingine, na sarakasi peni 6 tena. Kwangu ule wa Paris umezidiwa na huu katika jambo moja. Blackpool walijenga jumba chini ya chuma, ili mtu asiye na ujasiri wa kupanda, au aliyekuta mvua, bado apate siku yake. Sarakasi imo katikati ya miguu minne ya mnara, na mwisho wa onyesho uwanja wake huzama na kujaa maji, ufundi uliobaki mahali pachache sana duniani. Wanyama hawatumiki tena tangu 1990.

Katika jumba hilohilo kuna ukumbi wa dansi, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ya mama. Ukumbi huu ni kazi ya Frank Matcham, mjenzi mashuhuri wa majumba ya maonyesho, uliofunguliwa 1899. Dari imechorwa, roshani zimepakwa rangi ya dhahabu, taa zinaning'inia kama za jumba la mfalme. Sakafu ni vipande 30,602 vya mbao za mkangazi, mwaloni na jozi. Moto wa 1956 uliiharibu, nao wakaitengeneza upya kama ilivyokuwa. Jukwaani hutokea kinanda kikubwa. Reginald Dixon ndiye aliyekuwa mpigaji wa kinanda hapa tangu 1930 mpaka 1970, na redio ikaufikisha muziki wake kila nyumba. Mchana, wazee wanacheza dansi za zamani, wawili wawili, wengine wamevaa viatu maalumu walivyokuja navyo kwenye mfuko. Fundi wa kufuma alifanya kazi mwaka mzima ndani ya vumbi la pamba na kelele za mashine zilizoharibu masikio, kisha wiki moja akaingia humu na hakuna aliyemuuliza yeye ni nani. Watu wanaosema mapambo haya yamezidi hawajafikiria yalikuwa kwa ajili ya nani.

Mataa unayoyaona kwenye picha yalianza mwaka 1912, yakasimama kwa vita viwili, na sasa yanafunika kilomita 10 za barabara ya pwani. Shabaha yake ni ya kibiashara: majira ya joto yakiisha wageni huondoka, kwa hiyo giza la mapema linageuzwa kuwa bidhaa. Ni bure kutazama.

Sasa turudi kwenye vyumba vile vidogo. Kuanzia miaka ya 1960 ndege za bei nafuu ziliwapeleka Waingereza Hispania, ambako jua halina mashaka. Wakati huohuo viwanda vya pamba vilikuwa vinakufa kimoja baada ya kingine, na pamoja navyo zile wiki za mji mzima kusafiri. Kituo cha treni cha Central, kilichoshusha watu karibu kabisa na mnara, kilifungwa 1964. Gari binafsi na barabara kuu ya 1975 vilifanya watu waje asubuhi na kurudi jioni. Wageni hawakuisha, na mpaka leo kwa hesabu za mji ni zaidi ya milioni 20 kwa mwaka. Lakini mgeni wa siku moja halali, na mji ulijengwa kulaza watu.

Mwenye nyumba ya vyumba 15 afanye nini? Wengi waliuza, au walivigawa wakaweka jiko dogo kila chumba na kupangisha kwa mtu mmoja mmoja, kodi ikilipwa na ruzuku ya serikali. Kodi ya chini iliwavuta watu wenye shida kutoka kaskazini magharibi yote: aliyeachika, aliyepoteza kazi, mgonjwa wa muda mrefu, mlevi anayetaka kuanza upya. Na kwa nini Blackpool hasa? Wengi wao walikuwa na furaha pale utotoni. Walipokosa pa kwenda walirudi mahali pa mwisho walipokumbuka kucheka. Wakifika wanakuta kazi ni za msimu na chumba ni baridi na unyevu. Vijana wa hapo wenye vyeti, kwa upande wao, wanahama. Mwaka 2019 takwimu za serikali zilionyesha kwamba kati ya vitongoji 10 vilivyo hoi zaidi England nzima, 8 vilikuwa Blackpool. Mwanamume anayezaliwa hapo anatarajiwa kuishi miaka 73 au 74 hivi, umri ulio chini kuliko mahali pengine popote England.

Brighton haukuangukia shimo hilo kwa sababu uko saa moja tu kutoka London, una vyuo vikuu viwili, na mtu anaweza kulala pale na kufanya kazi jijini. Blackpool uko mwisho wa njia. Uliahidiwa mengi pia. Mwaka 2007 ulitarajia kupewa kasino kubwa ya kwanza ya nchi, ikapewa Manchester, kisha mpango wote ukafutwa. Vyama vikubwa vya siasa, vilivyokuwa vikifanyia mikutano yake kwenye jumba la Winter Gardens la 1878, vikahamia kwingine kimoja kimoja, mkutano mkuu wa mwisho wa mwaka ukiwa wa 2007 hiyohiyo. Ninachokiona kuwa na tumaini zaidi kuliko kasino yoyote ni kazi isiyovutia macho: tangu 2015 halmashauri ina kampuni yake inayonunua nyumba zile mbovu, kuzibomoa ndani, na kuzifanya makazi ya kawaida ya familia. Inakwenda polepole, lakini inagusa jeraha lenyewe.

Kwa hiyo nenda, dada, na mama nenda naye. Kutoka Preston treni ni nusu saa hivi mpaka Blackpool North, na tramu inawapokea hapohapo, mama asilazimike kutembea.

Angalieni tarehe kwanza. Mataa huwashwa Ijumaa ya mwisho wa Agosti au ya kwanza ya Septemba. Mkitangulia kwa siku mbili mtakuta nguzo tupu. Jua siku hizo huzama saa mbili na dakika kadhaa usiku, kwa hiyo kama mnataka kuyaona, pangeni kulala au hakikisheni treni ya mwisho. Mchukulieni mama sweta na koti la kuzuia upepo hata kama Preston asubuhi kuna jua. Tazameni ratiba ya maji kujaa na kupwa. Watoto wachezee mchanga maji yakiwa yanatoka, na msitembee mbali kuyafuata, kwani yakigeuka huja haraka na hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yenu. Punda wa ufuoni wapo kwa ajili ya watoto, ila Ijumaa ni siku yao ya kupumzika kwa kanuni za mji.

Kuhusu chakula, samaki wa kukaanga na chipsi wanauzwa kila kona, lakini Lancashire maduka mengi bado hukaangia mafuta ya ng'ombe, na huyo ng'ombe hakuchinjwa kwa utaratibu wetu. Kama hilo ni muhimu kwenu, ulizeni kabla ya kuagiza, au nunueni chakula Preston, ambako maduka ya halali ni mengi.

Pleasure Beach, ule uwanja wa michezo wa 1896 upande wa kusini, unakula fedha nyingi na siku nzima. Treni yake kubwa ya kuporomoka, ya 1994, ilipanda juu kuliko zote duniani ilipofunguliwa, na wadogo hupimwa kimo kabla ya kupanda. Kama wanao hawajafika miaka 8, ningewapeleka sarakasi badala yake. Mwanao mkubwa awapandishe juu ya mnara, penye sakafu ya kioo, na hali ikiwa safi wataona milima ya Wales. Wewe na mama kaeni ukumbini chini, agizeni chai, kwenye meza za pembeni mwa sakafu. Mgeni anaruhusiwa kucheza, na wazee wa pale humwonyesha hatua yeyote anayesogea. Nunueni tiketi kabla ya kuondoka Preston, maana mlangoni ni ghali zaidi, na ulizeni kama siku hiyo ukumbi uko wazi kwa umma, kwani mara nyingine hukodishwa kwa mashindano ya dansi.

Na mkipata nusu saa, tembeeni mtaa mmoja au miwili nyuma ya barabara ya pwani, mchana, mwanao akiwa nanyi. Mtaona zile nyumba za ghorofa tatu na madirisha yake yaliyojitokeza. Nyingine bado zina kibao cha kupokea wageni na maua mlangoni, na wenyewe ni watu wakarimu sana. Nyingine zina vitufe vya kengele 12 kwenye mlango mmoja. Mweleze mama kwamba zote zilijengwa kwa kazi moja.